Beti za Shemeji Zilivyouzwa na Njugu

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni mshairi, na miezi kadhaa nyuma aliachwa. Mambo hayo mawili yakikutana katika nyumba ya vyumba viwili hapa Mbotela, Nairobi, anayekonda si yeye, ni mwenye nyumba.

Mchumba alikuwa binti wa hapo Makongeni. Walichumbiana, wakatambulishana, mahari ikaanza kutajwa tajwa, kisha binti akapata mtu mwenye ploti Utawala. Ujumbe wa kuachana ulikuja kwa simu saa za chakula cha jioni. Shemeji aliusoma, akasukuma sahani ya sukuma wiki, akalala kwenye kochi. Kochi hilo ndilo watoto wangu hukalia wakifanya kazi ya shule, kwa hiyo tangu siku hiyo hesabu zilifanyiwa jikoni, kando ya sufuria.

Watu husema moyo ukivunjika ndipo shairi huja. Wanaosema hivyo hawajaishi na mshairi. Huyu wetu, kabla ya kuachwa, alikuwa hodari. Mashairi yake yalikuwa yakitoka Taifa Leo na mume wangu akiyakata kwa wembe na kuyahifadhi. Baada ya kuachwa alikuwa akishika kalamu, anaandika mstari, anahesabu mizani kwa vidole, anakata, anarudi kutazama dari. Shairi la tarbia lataka mizani minane kipande cha kwanza (ukwapi), minane cha pili (utao), na vina vikae mahali pake. Kilio hakijui kuhesabu. Mume wangu akamkumbusha Shaaban Robert, aliyefiwa na mkewe Amina na bado akamwandikia. Shemeji akajibu bila kuinuka, "Kaka, Amina alifariki. Huyu wangu yuko Utawala anachagua vigae."

Hata hivyo alijikokota. Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu jeusi, mgongo mwekundu, na humo, kwa miezi, alikuwa ametoa shairi moja la beti saba. Moja tu. Beti ya mwisho ilikuwa haijapata kituo, yaani mstari wa nne.

Ndipo mama mkwe alipokuja kutoka Voi.

Mama ni mtu wa usafi. Alipoona mrundo wa magazeti, madaftari ya watoto ya mwaka jana na lile daftari jeusi chini ya kochi, hakuuliza mtu. Alifunga kila kitu kwa kamba, akatoka nacho hadi kwa Mama Njugu pale steji, wakapima kwa mizani ile nyingine, ya kilo, akarudi na pesa ya nyanya na dhania. Tulikula mchuzi mzuri sana siku hiyo. Hata shemeji alikula.

Jumamosi mwanangu mdogo aliingia na njugu za kumi. Alizimimina mdomoni, akakunjua karatasi, na kwa kuwa mwalimu amemzoesha kusoma kila kilichoandikwa, akasoma kwa sauti:

"Ulisema nisubiri, nimengoja hukurudi,
Kwa jirani ni habari, kwangu mimi ni baridi,
Sina raha sina ari, kalamu imekaidi..."

Basi. Mstari wa nne haukuwepo. Shemeji aliruka kutoka kwenye kochi kwa kasi ambayo sikujua bado anayo.

Niliishika ile karatasi. Mafuta ya njugu yalikuwa yameifanya ionyeshe upande wa pili, maneno ya beti mbili yamepandana, chumvi imeganda kwenye wino wa bluu, na kipande cha ganda jekundu kimenata juu ya neno "baridi". Mama mkwe alipoelezwa, alisema tu, "Na mimi ningejuaje? Kitabu cha maana huwekwa chini ya kochi?" Mume wangu, ambaye angenyamaza ingekuwa heri, akaanza kumsimulia habari za Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 akaandika mashairi gerezani kwenye karatasi za choo, yakatoka salama, yakawa Sauti ya Dhiki mwaka 1973. "Karatasi za choo zilipona chini ya askari," akasema, "daftari la jalada gumu limeshindwa kupona chini ya mama." Mama akamtazama, akauliza, "Je, huu ni ungwana?" Sisi wa mtaa huu swali hilo tunalijua kwa sauti ya marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyelirusha redioni tangu 1966, na halijibiwi.

Shemeji alikimbia steji. Mama Njugu alikuwa ameshachana kurasa zote, amezikunja pembe, zimejaa, zimepangwa kwenye beseni.

"Mama, niuzie hizo karatasi."

"Karatasi siuzi, kijana. Nauza njugu."

Akanunua beseni zima kwa pesa za tokeni ya stima. Lakini biashara ilikuwa imeanza tangu asubuhi, na beti nyingine zilikuwa zimeshasambaa: Burma kwa wachinjaji, Hamza, Jogoo Road ndani ya matatu. Wiki hiyo watoto walitumwa kununua njugu kila pembe. Tulikula njugu na chai, tukala njugu na uji. Mama mkwe akazisaga akazitia kwenye kunde, na hapo nakiri zilikuwa tamu. Jirani yetu alikuja na beti ya pili bila kuuliza ni ya nani. Alisema kina mama bombani wameshaikariri wakingojea mitungi ijae, na wamekubaliana yule binti hana adabu.

Hili la bombani lilimuuma shemeji kuliko kuachwa kwenyewe. Mimi nilimwambia asilidharau. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, mengi yalidumu vinywani mwa watu kwa miongo mpaka Mwalimu Sikujua na Mwingereza Taylor wakayakusanya, na kitabu chenyewe hakikuchapishwa hadi 1940. Isitoshe, mtaa wenyewe una jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa hapa Nairobi mwaka 1952, na katika ukoo huohuo kuna James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa. Mtaa wenye jina kama hilo unajua kuhifadhi maneno. Shemeji akasema Muyaka hakuwahi kukaririwa na mtu aliyebeba mtungi wa lita ishirini. Sina hakika, visima vya Mombasa navyo vilikuwa na watu.

Aliyevuruga mambo, au aliyeyatengeneza, ni kinyozi. Nakala ya beti ile isiyo na kituo (shemeji alikuwa ameandika beti hiyo mara mbili, na mara zote mbili hakupata mstari wa nne) ilimfikia na njugu zake, akaibandika kwenye kioo. Kwa kuwa aliona haijakamilika, aliikamilisha kwa kalamu nyekundu:

"Tafuta mwingine kaka, Nairobi wako wengi."

Shemeji aliingia kunyolewa, akaona. Wateja walioshuhudia wanasema alisimama na kitambaa shingoni, akihesabu vidole. Mizani kumi na sita, haizidi, haipungui. Kinyozi ambaye hajui hata maana ya ukwapi alikuwa amepata kwa dakika moja kile ambacho yeye alikuwa akikitafuta kwa miezi. Lakini vina! Beti ya "ri" na "di" imefungwa kwa "ka" na "ngi"! Alitoka na nywele nusu kichwa.

Usiku huo stima ilizimika, maana tokeni tulikuwa tumeshaila kwa njugu. Shemeji aliwasha tochi ya simu, akavuta daftari la hesabu la mwanangu, akaandika hadi alfajiri. Si shairi la mapenzi. Lilikuwa shairi la kumsuta kinyozi, beti kumi na mbili, vina vimenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Akalipeleka kuliko na kioo. Kesho yake pembeni kulikuwa na jibu, halafu mteja mmoja fundi wa viatu akamjibu kinyozi, na sasa kioo kimejaa hadi watu wananyolewa bila kujiona.

Yule binti hatajwi tena. Kochi limerudi kwa watoto.

Inabaki beti ya tano. Wewe uliyenunua njugu kati ya Mbotela na Burma, ukakuta karatasi ya wino wa bluu yenye jina la msichana lililokatwa mara mbili, tafadhali usiitupe, na usiimalizie. Iache kwa kinyozi. Njugu kula tu, usitugawie.