Jinsi ya Kuwa Gwiji wa Sayansi Grupuni bila Kufungua Maabara

Mwalimu mwenzangu wa Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu au Busega, najua umechoka. Kemia ni yako, baiolojia umeongezewa, hisabati umeshikia kwa muda tangu mwaka juzi, na mkuu wa shule anakuulizia PEPMIS, ule mfumo wa kujaza utendaji kazi. Pole. Habari njema ni kwamba siku hizi ugwiji wa sayansi hautafutwi darasani tena. Unatafutwa kwenye grupu la WhatsApp, na huko njia ni fupi.

1. Jiunge na kila grupu: la shule, la wilaya, la mkoa, la kila somo, hata la somo usilolifundisha. Picha yako iwe na koti jeupe. Kama huna, azima kwa jamaa wa duka la dawa. Likikupwaya usijali, picha inakatwa mabegani.

2. Rusha kabla hujafungua. Faili likitua kwenye grupu moja, lifikishe kwenye mengine matano kabla mwenzako hajaamka. Saa bora ni kumi na moja alfajiri, na juu yake uandike: "Mwangaluka, wanasayansi! Kitu kipya hiki." Watadhani umekesha ukikiandaa. Faili likiwa na kurasa 140 ni bora zaidi, maana hakuna mwenye bando la kuhakiki. Atatokea mmoja wa kuandika "Ubarikiwe sana tikcha", na hiyo ndiyo posho yako ya siku.

3. Azimio la kazi usiandike kamwe. Mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika Januari 2024, maazimio yetu ya zamani yaligeuka karatasi za kufungia maandazi, nasi tukapata kisingizio cha kudumu. Andika tu: "Wakuu, mwenye azimio la kazi la Kemia kidato cha kwanza, mtaala mpya, anisaidie." Yatakuja saba. Chagua lenye jedwali la rangi.

Hapa wengi huumbuka. Jina la shule kwenye jalada wanalibadilisha, lile la chini ya ukurasa wa tisa wanalisahau, na mthibiti ubora ana tabia mbaya ya kuanza kusoma kutoka nyuma. Tena futa ile sehemu inayosema wanafunzi wapelekwe ufukweni wakakusanye kombe za bahari. Wa Busega angalau ana Ziwa Viktoria la kusingizia. Wewe wa Meatu utawapeleka wapi?

4. Sasa tuzungumze kuhusu adui. Adui yako si mvivu mwenzako, huyo ni ndugu. Adui ni mwalimu anayerusha jaribio linalofanyika.

Utamjua kwa picha zake mbaya. Ataleta glasi tatu za maji ya choya juu ya dawati lenye mikwaruzo. Moja ameiacha ilivyo. Ya pili ameikamulia limau, imekolea wekundu. Ya tatu ameitia maji ya majivu, rangi imegeuka kuelekea kijani. Asidi na besi, kwa choya cha gengeni! Usimsifu hata kidogo. Muulize: "Je, usahihi wa pH tunauthibitishaje?" Ukimya utakaofuata ni ushindi wako.

Kesho atarudi na pamba, na hapo ndipo pa hatari, maana mkoa wetu wa Simiyu ni wa pamba. Atasema chukua pamba mbichi ya shambani, iweke kwenye beseni la maji: inaelea. Ichemshe kwa muda kwenye maji ya magadi, isuuze, ikaushe, iweke tena: inaloa na kuzama. Kilichotoka ni nta, ile inayoizuia pamba ya shambani kunywa maji. Unaona balaa lake? Mtoto wa Itilima aliyechuma pamba tangu hajaanza shule, na ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza chochote kuihusu, atanyoosha mkono na kuuliza kama nguo yake nayo ilipitia hapo. Swali la namna hiyo halina PDF. Litakubidi ufikiri mbele za watu.

Kuna pia miongozo ya Shika na Mikono, iliyoandaliwa na walimu wa kujitolea wa Peace Corps hapa nchini, yenye mabomba ya sindano na chupa tupu za maji mahali pa vifaa vya dukani. Ipakue yote. Itengenezee folda, uipe folda jina zuri, kisha uifunge.

5. Kwenye MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, usikose. Tatizo la mafunzo haya ni kwamba walimu hukaa uso kwa uso na kuulizana nani alifundisha nini na kilikwamia wapi, jambo la kukosesha raha. Kaa karibu na soketi. Zamu ya kuandika kwenye bango kitita ikifika, simama wewe, upigwe picha ukiwa na kalamu mkononi, kisha keti mwingine aendelee. Picha irushwe kabla ya chai. Baadaye kwenye PEPMIS jaza: "Kushirikisha walimu zana za kufundishia, asilimia 100." Si uongo, umeshirikisha.

6. Ufunguo wa maabara ukae mfukoni mwako. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, wananchi wakachangishwa, majengo yakapanda. Yalindwe. Maabara iliyofungwa haivunji bika.

7. Wala usiogope wanafunzi watagundua. Simu shuleni ni marufuku kwao, kwa hiyo katika vyote ulivyorusha mwaka mzima hakuna hata kimoja watakachokiona.

Nawe ukipata azimio la Fizikia kidato cha pili, nitumie kwenye namba yangu, usiweke grupuni. Nataka nilirushe mimi kwanza.