Nyota Iliyofuta Samehe

Sisi Wapare tunasemwa kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Sikatai. Ijumaa ile mimi nilikuwa tayari kuuza mbuzi wawili niishtaki kompyuta yangu mwenyewe.

Nina kaduka ka stesheneri karibu na stendi ya Same. Natoa kopi, napiga chapa, na msimu wa harusi ukifika natengeneza kadi za michango. Za harusi moja nilizipanga kwa makazi ya wachangiaji: vudee_kadi, hedaru_kadi, makanya_kadi, na same_kadi_01 hadi 14. Harusi ikapita, pilau likasahaulika, mafaili yamebaki. Kompyuta inatumia Linux, aliyoniwekea mpwa wangu, kijana asiyeamini kubofya kitu kinachoweza kuandikwa. Alinifundisha kwamba kufuta ni rm, na ukiona uvivu kutaja majina yote, weka nyota. Nikaandika rm same*, nikajiona mhandisi, nikarudia makande yangu.

Saa saba mchana akaingia mzee wa kwaya kutoka Vudee. Same inachemka, yeye bado kavaa sweta la milimani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuchukua Samehe."

Samehe ni wimbo wao mpya. Beti tano, zilizoandikwa kwa mkono unaohitaji maombi kuusoma. Alitaka nakala thelathini kabla jua halijazama, maana likizama Sabato imeingia. Nikatafuta faili la samehe. Halipo. Nikachungulia pipa la taka. Tupu. Kumbe rm haina habari na pipa, ikifuta imefuta.

Nyota, ndugu msomaji, husimama badala ya herufi zozote, ziwe moja au mia, hata pasiwe na herufi. Sasa samehe inaanza na nini? Ningeandika same_kadi_?? wimbo ungepona, kwa sababu samehe haianzi na same_kadi_; tena alama ya kuuliza husimamia herufi moja tu, haina tamaa.

Nikampigia mpwa simu nikitafuta mshtakiwa.

"rm imenifutia wimbo wa kanisa!"

"Mjomba, rm hata haikuiona hiyo nyota."

Akanieleza kwamba nyota hushughulikiwa kwanza na sheli (si ile ya mafuta, hii ni programu inayopokea amri unazoandika). Sheli ndiyo inayokusanya majina yanayolingana, kisha inaikabidhi rm orodha iliyokamilika. Kwenye Unix ya mwaka 1971 kazi hiyo ilikuwa na programu yake, glob. Kwa hiyo rm ni tarishi tu, na sheli ilitii nilichoandika. Kizimbani nikabaki peke yangu.

"Ungeanza na ls same*, mjomba, ungeiona orodha kabla ya kufuta."

Ungeanza! Huyu naye.

Nikamgeukia mzee.

"Mzee, nimefuta Samehe. Nisamehe."

Alinitazama kwa muda, akatoa daftari mfukoni, akaanza kunisomea. Ubeti wa tatu akavua sweta. Saa kumi na moja na nusu nakala thelathini zilikuwa mezani, zina joto. Hakulipa, nami sikuthubutu kudai.

Faili sasa linaitwa kwaya_samehe. Amri ya same* hailipati, kwa kuwa huangalia majina yanayoanza hivyo tu. Mpwa wangu anasema ipo pia *same*, yenye nyota mbele na nyuma. Nimemkataza kuitaja dukani kwangu.