Ombi la Kuongeza Somo la Kungoja katika Shahada ya Ualimu

Kwa Mwenyekiti na Makamishna,
Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC),
Barabara ya Kilimanjaro, Upper Hill,
Nairobi.

Waheshimiwa,

MINT: PENGO KUBWA KATIKA MAFUNZO YA WALIMU WA SHULE ZA MSINGI

Mimi ni mzazi mwenye binti chuo kikuu, na mlipa kodi pale serikali inapoweza kunipata. Nimeipitia kwa makini orodha ya masomo ya shahada ya ualimu wa shule za msingi, nikagundua kwamba vyuo vyetu vinawahadaa vijana. Vinawafundisha kila kitu isipokuwa kazi watakayoifanya baada ya mahafali.

Tazameni wenyewe. Kwa miaka minne binti anasoma saikolojia ya mtoto: Piaget anasema hivi, Vygotsky anabisha. Anasoma falsafa ya elimu, na historia yake tangu wamishenari hadi 8-4-4, na namna ya kumtoa mtoto wa Gredi ya 1 kwenye silabi hadi sentensi. Kisha anapelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, kwapani faili nzito ya maazimio ya kazi na maandalio ya masomo: mada, mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, swali dadisi, masuala mtambuko. Anakata katoni ili atengeneze saa ya ukutani. Anaokota vifuniko vya soda vya kuhesabia. Mhadhiri anatokea bila taarifa, anajikunja nyuma ya darasa kwenye dawati la mtoto wa miaka saba, magoti yakikaribia kidevu, na kwa dakika 30 anaandika mambo ambayo hamwonyeshi mtu.

Yote hayo ni mazuri. Kasoro yake ni kwamba hayamwandai mhitimu kwa maisha yanayomngoja.

Maana akimaliza, anakuja kwenu. Anawaletea vyeti vyake, hati ya tabia njema kutoka kwa makachero, fomu ya daktari ya kuthibitisha kwamba ni mzima, picha, nambari ya KRA ya kulipia kodi ya mshahara ambao hana, na risiti ya ada ya usajili. Nanyi kwa wema wenu mnamkabidhi nambari ya TSC. Sheria yenu ya mwaka 2012 haina mzaha: asiyesajiliwa asifundishe. Nyumbani nambari hiyo hupigiwa vigelegele na kuku huchinjwa. Baada ya kuku kuliwa ndipo somo lenyewe linapoanza, na hakuna mhadhiri aliyewahi kulitaja.

Walimu waliosajiliwa na hawana ajira ni zaidi ya 300,000. Wakati huohuo Tume imekuwa ikilieleza Bunge kwamba shule zina upungufu wa walimu unaokaribia 100,000. Sisi tusiokwenda shule sana tungedhani hesabu hii inajijibu. Mtasema Hazina ya Kitaifa ndiyo haitoi pesa, na hapo sina ubishi. Lakini sijawahi kuona Hazina ikipokea ada ya usajili kwa niaba yenu huku ikimtazama kijana usoni.

Kilichonivutia kuliko yote ni mwongozo wenu wa kuajiri. Mwombaji hutuzwa alama kulingana na mwaka aliohitimu, na aliyekaa nyumbani muda mrefu zaidi ndiye hupata nyingi zaidi. Najua nia yenu, kwamba waliotangulia wasipitwe, na foleni ina haki zake. Hata hivyo, fikirini maana yake. Aliyefuzu juzi, Piaget akiwa bado moto kichwani, anapata alama kiduchu. Aliyefuzu zamani, akauza mitumba, akaendesha boda, akasahau hata rangi ya chaki, anazoa alama. Wapo wanaoitwa kazini mvi zimetanda, wakaanza kuhesabu miaka michache iliyobaki kufikia 60 ya kustaafu. Kwa hiyo kungoja si balaa iliyompata mhitimu. Kungoja ni taaluma, mnaitahini na kuitolea alama. Inakuwaje basi isifundishwe?

Naomba mviagize vyuo vikuu viiingize katika mtaala mara moja. Mwaka wa kwanza uwe wa Utangulizi wa Kungoja, ambapo mwanafunzi atajifunza kulijibu swali la shangazi, "Bado hujapata?", kwa njia tatu tofauti na uso mkunjufu. Mwaka wa pili ahamie kwa walimu wa BOM, wale wanaoajiriwa na bodi za shule na kulipwa kutoka mifuko ya wazazi. Aone jinsi mtu anavyofundisha madarasa matatu na mwisho wa mwezi akaambiwa wazazi hawajachanga. Mwaka wa tatu aisome Siasa ya Fomu. Mwaka 2025 malalamiko yalisikika nchi nzima kwamba fomu na barua za ajira ya ualimu zinagawanywa na wanasiasa. Ikiwa ndivyo, mwanafunzi afundishwe kupiga makofi kwa wakati unaofaa, na kukaa mbele katika harambee bila kuonekana kama anayetafuta kiti. Mtahini asiwe mhadhiri. Awe mbunge.

Mwaka wa nne, wa Uanagenzi, ningependa Tume yenyewe ije kuufundisha, kwa sababu hakuna anayeufahamu kuwapita nyinyi. Mwanagenzi wa sekondari msingi, anayefundisha Gredi ya 7 hadi 9 katika viwanja vya shule zetu za msingi, amekuwa akilipwa Sh20,000 kabla ya makato. Anabeba vipindi sawa na mwalimu wa kudumu, anasahihisha sawa, anasimama kwenye zamu sawa. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Leba ikaamua kwamba Tume haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi, na kwamba si haki mtu aliyehitimu na kusajiliwa kufanywa mwanagenzi. Mkakata rufaa. Januari 2025 wanagenzi 46,000 wakapewa ajira ya kudumu, jambo ambalo nawashukuru kwa dhati. Wengine 20,000 wakaingizwa papo hapo katika viatu vile vile, vikiwa bado na joto.

Hapa ndipo akili yangu ya mzazi inapokwama. Ibara ya 237 ya Katiba imewapa kazi ya kuwasajili walimu na pia kazi ya kuwaajiri. Ofisi moja, mhuri mmoja. Kwenye dirisha la kwanza mnaandika kwamba huyu ni mwalimu kamili na anafaa kuachiwa watoto wa taifa. Anasogea hatua chache hadi dirisha la pili, na huko mnaandika kwamba huyu bado anajifunza. Kama bado anajifunza, kwa nini mlimsajili? Kama amekwisha jifunza, kwa nini mnamlipa ya mwanafunzi? Hilo ndilo swali dadisi langu. Binti yangu aliniambia swali dadisi zuri ni lile lisilojibiwa kwa ndiyo au la, kwa hiyo naomba jibu refu.

Kuhusu aliyebahatika kuajiriwa sitasema mengi. Mwalimu wa msingi anaanzia daraja la B5, na shahada peke yake haimpandishi. Mwaka 2021 mkazindua mafunzo ya kila mara ya walimu: moduli sita, kila moja miaka mitano, Sh6,000 kwa mwaka kutoka mfuko wa mwalimu. Nilipiga hesabu nikapata miaka 30 na Sh180,000. Walimu wakapiga kelele, nami nikajiuliza: wanalalamikia nini, na wenzao wanangoja bure?

Ikiwa Tume itaona ombi langu lina gharama kubwa, ninalo la bei nafuu. Siku mnayompa mtu nambari, mwambieni kwa maandishi nafasi ngapi za shule za msingi zitatangazwa mwaka huo katika kaunti yake, na ni wangapi waliomtangulia kwenye foleni. Na mkishamsajili, msimwite mwanagenzi.

Binti yangu anamaliza Desemba. Naomba nijibiwe kabla ya hapo, ili nijue kama nimnunulie chaki au pikipiki.

Wenu mtiifu,
Mzazi.