Dai la Saa Moja

Katika sheria zote ambazo wanadamu wamejitungia ili maisha yao yaende kwa taratibu, hakuna inayonistaajabisha kama ile ya Uingereza inayoamuru kwamba, usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Machi, saa saba ikishatimu isihesabiwe tena kuwa saa saba bali saa nane, na kila mwenye saa ukutani, mkononi au mfukoni aitii amri hiyo bila ya kuuliza. Mwizi wa kawaida huvunja mlango na kukimbia. Sheria hii huingia kwa utulivu raia wakiwa wamelala, ikachukua sehemu ya usingizi wao, kisha ikaahidi kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, bila ya riba.

Kwa mtu aliyezaliwa Mombasa, tonge hili ni gumu kulimeza. Kwetu, karibu na ikweta, jua huchomoza na kutua pande za saa kumi na mbili mwaka mzima, likikengeuka kwa dakika chache tu ambazo hazimshughulishi mtu isipokuwa mwadhini, na kwa hiyo haikupata kumpitia mzee wetu yeyote akilini kwamba jua lahitaji msaada wa serikali. London mambo ni mengine. Katika kiangazi jua huamka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, wakati hata muuza maziwa angali akipiga miayo, na katika kipupwe halionekani mpaka saa mbili asubuhi imekwisha pita, tena likija huja limejifunika mawingu kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Watu wenye jua lisilo na msimamo namna hiyo wasilaumiwe wakijaribu kulitilia nidhamu.

Aliyewatia Waingereza fikira hii ni mjenzi wa nyumba mmoja aliyeitwa William Willett, mkazi wa Chislehurst, ambaye alikuwa na ada ya kupanda farasi mapema asubuhi, na katika matembezi yake akaudhika kuona jua limetanda ilhali madirisha ya majirani yamefungwa na wenyewe wangali wakikoroma. Mtu mwingine angewahurumia majirani, au angewaonea wivu; yeye akaandika kijitabu. Katika kijitabu hicho, alichokitoa mwaka 1907, alipendekeza saa zisogezwe mbele kwa dakika 20 katika kila moja ya Jumapili nne za Aprili, jumla dakika 80, na mwezi wa Septemba zirudishwe kwa taratibu iyo hiyo. Ninapoifikiria nyumba yangu, ambamo dakika 60 kwa mkupuo mmoja hutosha kuleta mtafaruku, namshukuru Mola kwamba Bunge halikulikubali pendekezo lile kwa ukamilifu wake. Maskini Willett alifariki mwaka 1915 bila ya kuonja matunda ya juhudi yake, na mwaka uliofuata, vita vikiwa vimepamba moto na makaa ya mawe yakiwa adimu, Wajerumani wakasogeza saa zao tarehe 30 Aprili, na Waingereza wakafuata tarehe 21 Mei; kwa maana hiyo, hoja ambayo mjenzi hakuweza kuwashawishi nayo watu wake kwa miaka mingi, adui aliwashawishi nayo kwa majuma matatu.

Basi ilisadifu kwamba mwaka 2024 usiku wa kubadili saa uliangukia ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, na nyumbani kwangu alikuwapo mgeni mwenye taadhima, baba mkwe wangu, karani mstaafu wa bandari ya Kilindini, mtu aliyeishi umri wake wote kwa maji kujaa na maji kupwa, na ambaye hana subira na kitu chochote kisichofika kwa wakati wake. Alikuwa amewasili mwezi wa Februari ili kumsalimu binti yake na kuwaona wajukuu, na mpaka siku hiyo hakuwa na shutuma juu ya nchi ya watu ila baridi na chai isiyo na iliki.

Lazima nieleze hali ya saa katika nyumba yetu. Simu hujibadilisha zenyewe, kwa siri, bila ya kumwambia mtu. Saa iliyo katika jiko la umeme haibadiliki mpaka vifungo viwili vibonyezwe pamoja, kwa muda ambao binti yangu peke yake aujua. Saa ya gari haijapata kuguswa na yeyote tangu tulinunue. Hupotea kwa miezi saba, kisha Oktoba hujikuta imesema kweli, na sisi hulisifu gari kwa uvumilivu wake. Kwa hiyo kila mwaka, kuanzia Jumapili hiyo, nyumba moja huwa na dola tatu, kila moja ikitoa fatwa yake.

Baba mkwe aliamka kula daku, akakaa jikoni peke yake kwa heshima zote, mbele yake mkate wa mofa, samaki wa kukaanga, bakuli la maharagwe ya nazi na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa aliyoipika mwenyewe kwa iliki aliyokuja nayo. Akaichukua karatasi ya nyakati za sala iliyotoka msikitini, akaona kwamba alfajiri ya siku ile imeandikwa karibu na saa kumi na moja. Akainua macho akaitazama saa ya jiko: saa kumi kasorobo. Akaridhika kwamba ana wasaa wa kutosha, akaanza na samaki, akimtenga miba kwa utaratibu wa karani apangaye hati, na chai akaiacha ipoe kidogo, maana ndiyo aliyokusudia iwe hitimisho.

Alikuwa hajafika ubavu wa pili wa samaki adhana ilipolia kutoka katika simu ya mjukuu wake.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya upole wenye hatari, "izime simu yako, imeharibika."

"Shikamoo, Babu. Haikuharibika. Saa zimebadilishwa usiku."

"Marahaba. Nani amezibadilisha?"

"Serikali, Babu."

Mzee aliitazama saa ya jiko, akaitazama karatasi, ambayo wachapaji wake walikwisha kuzingatia sheria ya Bunge, kisha akaitazama chai kwa macho ya mtu anayemuaga jamaa aendaye safari ya mbali. Akalirudisha tonge sahanini, akatawadha, akasali. Hakusema neno mpaka adhuhuri.

Saa kumi jioni, kama ilivyokuwa ada yake, alimpigia simu mkewe Mombasa. Tofauti ya London na Mombasa katika kipupwe ni saa tatu, na kwa hiyo simu yake ilikuwa ikifika kule saa moja ya usiku, mama mkwe akiwa amekwisha futuru, ameburudika, tayari kwa mazungumzo. Lakini katika kiangazi tofauti hiyo hupungua ikawa saa mbili, na mzee hakuambiwa. Simu ililia saa kumi na mbili, nusu saa kabla ya magharibi, wakati ambapo mwanamke wa Mombasa katika Ramadhani hapaswi kusemeshwa na mtu yeyote, awe mume au malaika. Tulisikia sauti ikitoka katika simu bila ya msaada wa kipaza sauti: mume gani huyu apigaye simu kaimati zikiwa ndani ya mafuta? Mzee akajaribu kueleza habari ya Bunge la Uingereza. Akaambiwa kwamba Bunge la Uingereza limeunguza kaimati.

Jioni ikawa ndefu. Siku iliyotangulia tulifuturu saa kumi na mbili na nusu. Siku ile jua lilitua saa moja na nusu. Mzee alikaa dirishani akiufanyia hesabu mkasa wake, kisha akatoa hoja ambayo hata sasa sijapata wakili wa kuijibu: "Alfajiri mmenipokonya saa ya kula, na magharibi mmeniongezea saa ya njaa. Ni hesabu gani hii inayomla mtu pande zote mbili?" Mjukuu wake alimwonyesha kwa kalamu kwamba saumu ya siku ile ilizidi ya jana kwa dakika nne tu, kama mchana wa London unavyorefuka kila siku mwezi huo, na kwamba jua halikuhudhuria kikao chochote cha Bunge. Mzee akamjibu kwamba tumbo lake nalo halikuhudhuria, lakini limehukumiwa.

Faraja pekee aliipata kwa jirani yetu wa kutoka Machakos, mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya ya kanisa lake, maana siku hiyo ilikuwa pia Sikukuu ya Pasaka. Alikuwa amejifunza nyimbo zile tangu Januari, na saa yake ya ukutani ikamfikisha kanisani, amevaa joho lililopigwa pasi, watu wakipokea baraka za mwisho. Wazee hawa wawili walikaa barazani kwetu baada ya futari, Mwislamu na Mkristo, wakimsema marehemu Willett na farasi wake.

Baba mkwe alirejea nyumbani mwezi wa Mei. Oktoba ilipofika na serikali ikarudisha ile saa, alipiga simu kudai kwamba imegawiwa watu wasio wenyewe, kwani yeye, aliyenyang'anywa, yuko Mombasa na hakupewa kitu. Mjukuu wake, ambaye hesabu ni ugonjwa wake, alimkumbusha kwamba alipokuja Februari alirudisha saa yake nyuma kwa saa tatu, yaani alizipata bure; moja ikachukuliwa Machi, na mbili akazilipa alipoisogeza mbele siku ya kurudi; mizani imekaa sawa na hakuna anayemdai mwenziwe.

Kukawa kimya upande wa pili, kimya cha karani akipekua daftari.

"Mjukuu wangu," akasema mwishowe, "saa tatu hizo sikuzipata. Niliziacha zote palepale uwanja wa ndege, katika foleni ya paspoti."