Risala ya Kukisifu Kiporo

Katika jiko la Mtanzania hakuna kinachowatumikia watu wengi kwa shukrani haba kama kiporo, yaani chakula kilichopikwa, kikabaki baada ya walaji kushiba, kikalala mpaka asubuhi. Watemi wameimbiwa, ng'ombe wamewekewa majigambo, na hata tumbaku, ambayo haijapata kumshibisha mtu, imejengewa maghala na kuundiwa vyama vya ushirika katika mkoa mzima wa Tabora. Lakini kiporo, ambacho kila kukicha huwapeleka watoto shuleni na vibarua kazini, hakijapata mtetezi. Risala hii inakusudia kuiondoa dhuluma hiyo kwa kufuata utaratibu wa wasifu wa wakuu, ambao hutanguliza nasaba, ukaja kwenye fadhila, kisha ukayajibu mashtaka ya maadui.

Kwa nasaba, kiporo cha Itetemia na vitongoji vingine vya mji wa Tabora hakiwezi kubezwa na yeyote. Unyanyembe, nchi ya kale ya Wanyamwezi ambamo mji huo ulikulia, ilikuwa njia panda ya misafara ya karne ya 19 iliyopanda kutoka Bagamoyo, mingine ikaelekea Ujiji na mingine ikashika njia ya kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walifika hapo mwaka 1857, na wenzao Livingstone na Stanley walikaa pamoja Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872, wakaandikwa vitabuni. Ila waliobeba vitabu, vitambaa na pembe za ndovu walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ambao posho yao, yaani chakula cha kugawiwa njiani, ilikuwa kwa desturi kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kipimo kinachokaribia robo tatu ya kilo. Aliyevuka mbuga kwa kibaba kimoja hakuhitaji mhadhara juu ya ubaya wa kumwaga makombo. Na katika nchi hiyo hiyo akina mama huandaa hadi leo wakubwa wa ukoo wa kiporo: michembe, ambayo ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi vikaanikwa juani, matobolwa, ambayo ni viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa. Hivyo vyote ni viporo vya makusudi, maana ni chakula cha mavuno kilichoamriwa kulala miezi badala ya usiku mmoja, kikisubiri wakati wa mvua ambapo mazao mapya yangali shambani na ghala limebaki vumbi.

Fadhila ya kwanza ya kiporo ni kwamba hakidai. Mkaa wake ulikwisha kuteketea jana, maji yake yalikwisha kutekwa, na jasho la mpishi lilikwisha kukauka, kwa hiyo kipande cha ugali kilichochomwa juu ya makaa, au wali uliorudishwa kikaangoni kwa kitunguu na nyanya moja, huingia asubuhi mahali pa maandazi ya kununua bila kugusa mfuko wa mtu. Maharage hupata hata cheo cha juu kuliko siku ya kwanza, kwa kuwa viungo vimepata usiku mzima wa kuyaingia. Sayansi nayo imekiongezea kiporo nishani moja: wanga uliopikwa ukapoa hujipanga upya, na sehemu yake hugeuka kuwa wanga sugu, yaani wanga ambao utumbo mwembamba hauwezi kuuyeyusha, hivyo hupita kama nyuzinyuzi bila kugeuka sukari mwilini.

Fadhila ya pili ni ya kijamii. Mgeni huchinjiwa kuku, na kiporo hufichwa asikione. Lakini siku anapotengewa ugali wa jana na chai pasipo mwenyeji kuomba radhi, hapo hana haja ya kuuliza kama amekubaliwa, kwa sababu amekwisha kuingizwa katika ukoo. Kuku huthibitisha adabu ya mwenyeji tu, ilhali kiporo huthibitisha udugu.

Fadhila ya tatu ni ya malezi. Wahenga walisema akiba haiozi, na wakosoaji huitumia kauli hiyo kukifukuza kiporo katika jamii ya akiba, bila kutambua kuwa hapo ndipo kinapozishinda akiba nyingine zote. Fedha iliyofichwa chini ya godoro humvumilia mzembe mwaka mzima, bali kiporo humpa saa chache, kisha hutoa hukumu ambayo hata jirani huinusa.

Yapo mashtaka, na lililo zito ni la sumu. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha mbegu zinazostahimili mchemko. Wali ukikaa vuguvugu ndani ya sufuria iliyofunikwa, mbegu hizo huamka, na mojawapo ya sumu zinazozalishwa haivunjwi na moto wa kupasha. Utetezi haukani ushahidi huo, ila unaomba mshtakiwa atambuliwe ipasavyo: mwenye kosa ni aliyekiacha kiporo mezani akaenda kulala. Chakula kinachokusudiwa kulala hupozwa upesi katika chombo kipana, huwekwa kwenye jokofu ndani ya saa mbili, na hupashwa mara moja tu mpaka kifukute. Nyumba isiyo na jokofu haina budi kupika wali wa kuisha, na kuliachia jua kazi ya kuhifadhi, kama waandaaji wa michembe walivyoamua zamani.

Wasiokiheshimu kiporo si wachache. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu Nairobi, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2024 kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na kwamba asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani, mahali ambapo hakuna waziri wa kulaumiwa. Mbele ya hesabu hiyo ndipo inapoonekana fadhila kuu ya kiporo, ambayo hakuna mkuu mwingine aliyepata kusifiwa nayo: kinafanya kazi ili kipungue. Kikirudi asubuhi tatu mfululizo kwa ukubwa ule ule, kinamshuhudia mpishi kwamba unga ulizidi kipimo, na mpishi msikivu hupunguza kikombe kimoja jioni ya nne. Watawala wengi husifiwa kwa kudumu madarakani. Kiporo kinastahili sifa kwa sababu, kikisikilizwa vema, hujiondoa chenyewe, na unga kiliokuwa kikiula hubaki debeni.