Vita vya Mbiu ng'ambo ya Malagarasi

Twiga angeweza kufikisha habari za Kibondo hadi Kasulu kwa shingo yake, ila alitoza ada, na mabondeni kwenye wateja wachache hakushuka. Wanyama wakaamua kupokezana wenyewe: wa kilima hiki apige mbiu, wa kilima cha pili aipokee, hivyo hivyo kuvuka Malagarasi, kupita Makere, hadi Heru Juu. Ugomvi ukabaki mmoja tu: habari ipitie kilima kipi?

Tumbili alitaka kila mmoja awe na ramani ya Buha nzima kichwani. Ili nchi isijae makelele, aliteua wachache wa kurudia mbiu. Wengine wasikilize tu. Popo, aliyelelewa nyumbani kwa Tumbili, akahama kwa kishindo. Ramani ya nini? Kila mmoja apige ukelele, "Nipo!" Jirani anayekuletea ukelele wa Heru mara nyingi kuliko wengine, mpe habari zako za Heru, basi. Kasuku yeye aliwauliza majirani umbali wao hadi Heru, akakataa katakata njia yoyote ambayo ingeweza kumrudishia maneno yake mwenyewe. Habari inayozunguka kilima kimoja, alisema, ni umbea.

"Popo ni kipofu," akasema Tumbili.

"Na ramani yako daima ni ya jana, mjomba."

Wakamwendea Mzee Kobe awaamulie. Akawapangia mashindano.

Siku ya kwanza iliishia kwenye ubishi wa kipimo. Tumbili alihesabu vilima, Popo akahesabu mbiu zilizofika, Kasuku akataka muda. Siku ya pili wakagundua vilima havitoshi majeshi matatu, kwa hiyo Pimbi wa Makere akafundishwa mbinu zote: asubuhi ya Tumbili, mchana ya Kasuku, jioni ya Popo. Siku ya tatu mvua ikanyesha, majani mabichi yakameza sauti, na mbiu ya Tumbili ikapotea bondeni. Aliyeruka kwenda kumtafutia tundu ilikopotelea ni Popo.

Msidhani natania. Aprili 2009, karibu na Paris, mafundi wa OLSR, BATMAN na Babel (ndio Tumbili, Popo na Kasuku wetu), programu huria za kupokezana data redio kwa redio bila mnara wa kampuni, walikutana kwenye mashindano yaitwayo Wireless Battle of the Mesh. Na BATMAN ilizaliwa miongoni mwa wanajumuiya wa mtandao huria wa Freifunk wa Berlin, waliokuwa wakitumia OLSR mpaka ikawachosha. Maadui hao husimika kwanza mtandao mmoja kwa pamoja, ndipo wapigane.

Mzee Kobe alifika Heru na hukumu yake siku zimeshapita. Popo alikuwa ananakili mbinu ya Kasuku, Tumbili anapunguza ramani, wote watatu wanagombea kilima cha mwaka kesho. Hakuna aliyemuuliza mshindi, isipokuwa Pimbi, aliyetaka kujua ni nani kati yao atakayemlipa.