Msuli, Mgongo na Mama Mkwe

Sisi tuliosoma shule za msingi enzi za mchakamchaka hatulijui zoezi lisilo na adhabu ndani yake. Alfajiri ulikimbia huku ukiimba, na mwalimu wa zamu alikimbia nyuma yako na fimbo kuhakikisha unaimba kwa furaha. Ukichelewa namba, uliruka kichurachura kuuzunguka mlingoti wa bendera. Ukipiga kelele darasani, ulipiga magoti juani. Kwa hiyo kijana wa fiziotherapia aliponibonyezabonyeza kiuno akaniambia kwamba dawa yangu ni kujinyoosha polepole, taratibu, bila kuumia, nilimshuku. Nilidhani kuna jambo ananificha.

"Mzee," akasema kwa adabu zote, "mgongo wako hauna neno kubwa. Neno lipo kwenye kiti."

Akanifafanulia. Mtu akishinda ameketi, misuli ya mbele ya nyonga inabaki imejikunja na ile ya nyuma ya mapaja inakaza. Siku ukitaka kusimama wima, anayelipia ni kiuno. Akanionyesha mazoezi machache, kila moja nishikilie nusu dakika hivi huku napumua, na akanikataza kudundadunda. Ndani ya msuli, alisema, mna vihisi vinavyopima kasi ya kuvutwa. Ukiuvuta kwa ghafla, vinapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na amri inarudi papo hapo: jikaze! Ukiuvuta polepole ukatulia hapo, unakuachia kidogo kidogo. Nikawaza kwamba miaka ile yote walimu wetu walikuwa wanabishana na uti wa mgongo, na uti wa mgongo ndio ulioshinda.

Nyumbani nikatandika mkeka sebuleni. Vazi langu la kupumzikia ni msuli, tena ule wa siku nyingi, uliofuliwa hadi ukawa mwepesi. Zoezi la mwisho lilikuwa lile ambalo watu wa yoga hulipa jina la mbwa: viganja chini, nyayo chini, makalio yanaelekea dari. Msuli niliouvaa ulilegea. Misuli niliyoikusudia haikulegea. Na hapo ndipo hodi ilipopigwa na mlango kufunguliwa kwa pamoja, kwa mkono wa mtu anayejua kwamba hii ni nyumba ya mwanawe. Mama mkwe alikuwa ameingia kutoka Muheza na kapu la machungwa.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa ukubwa wa jambo hili. Mama mkwe unamsalimu umeinamisha kichwa. Mimi kichwa nilikuwa nimekiinamisha kupita kiasi, ila upande uliomwelekea haukuwa wa salamu.

"Shikamoo mama," nilisema kutokea katikati ya miguu yangu.

"Marahaba baba," aliuitikia ukuta. Kisha akauuliza ukuta huo huo: "Mkwe wangu anaumwa?"

Binti yangu wa mwisho, ambaye hajawahi kutunza siri, akawahi kujibu: "Haumwi, bibi. Baba anafanya mbwa."

Astaghfirullah iliyotoka hapo ilisikika hadi kwa muuza genge.

Jioni mke wangu alifanya kazi ya ukalimani na amani ikarejea. Mama mkwe alisikiliza habari za misuli ya nyuma ya mapaja hadi mwisho, akatikisa kichwa, kisha akainama miguu imenyooka, akaokota ganda la chungwa sakafuni viganja viwili vikigusa saruji, akainuka bila kuguna. Ana miaka sabini na ushei. Hapo nilitamani kumwuliza yule kijana kwa nini alinipa karatasi yenye michoro wakati dunia ina watu wa Muheza.

Ukitazama maisha yake utaelewa. Nazi ameikuna akiwa juu ya mbuzi, kimo cha shibiri mbili kutoka chini. Amechuchumaa mbele ya mafiga, amefagia uwanja kwa ufagio wa chelewa, amekula na kuzungumza juu ya mkeka, na mara tano kwa siku amerukuu, amesujudu, ameketi, amesimama. Nyonga zake hazijapata likizo ya kusahau kazi. Mimi nina sofa, kiti cha ofisi na kiti cha daladala nikibahatika. Hata hivyo sitaki kumtukuza mtu kwa kazi ambazo hakuzichagua: magoti ya mama huyu yanamsumbua, na moshi wa kuni haukumwongezea afya. Siku ya tatu ya ugeni wake ndiye aliyeuliza kama kwenye karatasi ile hamna la magoti.

Sehemu ya pili ya maagizo ilikuwa kulala tu chali na kuukagua mwili. Mbinu hiyo imeenezwa na Mmarekani Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha kliniki mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts kwa wagonjwa ambao maumivu yao hayakukomeshwa na dawa. Unaanza na vidole vya mguu wa kushoto, unapanda kiungo kwa kiungo, hurekebishi kitu, unatambua tu kilivyo.

Nilikuwa nimefika goti la kushoto, nalitambua, wakati mkokoteni ulipoingia mtaani na spika yake: tunanunua vyuma chakavu, betri mbovu, feni mbovu! Nikahamia nyonga. Pasi mbovu, friji mbovu! Nikapanda kiunoni. Majenereta mabovu, sufuria zilizotoboka! Kila kiungo nilichokigusa kwa mawazo, nje alikuwepo mtu wa kukipima kilo.

Nilicheka hadi mgongo ukauma. Lakini orodha ile niliijua, maana ndivyo nilivyokuwa nikiuzungumzia mwili wangu mbele za watu: goti bovu, mgongo mbovu, tumbo hili halifai. Mwili ulionibeba tangu mchakamchaka nilikuwa nimeshauandikia bei ya chakavu. Mwenye spika alikuwa mkweli zaidi, kwa sababu yeye angalau alikuwa tayari kulipa.

Nimeambiwa kelele si kizuizi: ukiisikia, unaitambua, unarudi kwenye pumzi. Ni bahati, kwa sababu mtaani kwetu mtu akingoja kimya ndipo atulie, atazikwa hajatulia. Muuza kahawa, bodaboda, harusi ya jirani, vyote nimevitambua.

Mgongo haujapona wote, ila sasa nafunga kamba za viatu bila kuita msaidizi.

Nawe ukitaka kuanza, usiiname sana mara tu uamkapo. Usiku diski za uti wa mgongo hufyonza maji, ndiyo maana mtu huamka mrefu kidogo kuliko alivyolala, na mgongo wa alfajiri ni mgumu kukunjika. Kunywa chai kwanza. Maumivu yakishuka mguuni na ganzi juu yake, au haja ndogo ikigoma au ikitoka yenyewe, acha mkeka ukimbilie hospitali. Na tafadhali, vaa suruali.